Miche Iliyotangulia Mvua

Majirani wa Igogo walisema Ng'washi ameingiwa na kitu. Mtu mzima, mke wa watu, anaamka kabla jogoo hajakohoa, hajanawa uso wala hajawasha jiko, anakwenda kuchuchumaa ndani ya kibanda cha nailoni na kuutazama udongo. Okeyo, mumewe, alisema afadhali kitu hicho kuliko vingine anavyovijua. Ng'washi mwenyewe hakuwajibu. Alikuwa ameona jambo kwa macho yake, na aliyeona hana haja ya kubishana na walioambiwa.

Aliliona kwanza jalalani, kiangazi cha mwaka uliotangulia, mlima wote umekauka na mbuzi wanatafuna makaratasi. Siku hizo mitumba ilikuwa imeimwagikia Mwanza kama mafuriko, na kila robota lilikuja limevikwa nailoni nene, nyeupe ya maziwa. Moja ya nailoni hizo ilitupwa pale, upepo ukaikunja, ikakaa. Ng'washi alikwenda kumwaga majivu, akaifunua kwa ncha ya ndala, na chini yake akakuta mche wa nyanya. Ulikuwa umesimama wima, kijani kibichi, matone ya maji yananing'inia juu yake, na hatua moja pembeni ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kidole. Alisimama na ndoo yake mpaka Getruda, jirani yake Mkerewe mwenye maneno mengi, akamuuliza kama ameokota hela.

"Nimeokota mvua," Ng'washi akamjibu.

Getruda alicheka akashika kiuno, kisha akaenda kuwasimulia wengine.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu ruksa kuuza na kila kiwanda ruksa kufungwa. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Okeyo, akiwa fundi wa mitambo ya kufumia, kilitiwa kufuli kikingoja mwenye mali mpya, na mafundi wakarudi majumbani na ahadi mifukoni. Okeyo akawa anatengeneza baiskeli na vyerehani barazani. Mkewe alipomwambia anataka kujenga nyumba ya mboga kwa nailoni, hakucheka. Mtu aliyeishi na mitambo huheshimu chochote kinachofanya kazi. Alikata fito za mikaratusi, akaziegemeza kwenye jabali kubwa lililo nyuma ya nyumba yao, akashona vipande vya nailoni kwa uzi wa nyavu, na pande mbili za mwisho akaziba kwa vyandarua vikuukuu ili hewa ipite na kuku wasipite. Jabali lile lilikunywa jua mchana kutwa, likalirudisha polepole baada ya jua kuzama, na ndani ya kibanda kukawa na joto la upole wakati wote.

Shida ilikuwa udongo. Igogo ni mawe. Anayechimba shimo la choo humkumbuka Mungu kabla hajafika gotini. Walikuwa na kitaraza kimoja tu, kipande chembamba cha ardhi kando ya jabali, na hicho walikikusudia kwa miche itakapokuwa tayari kuhamishwa. Kwa hiyo Ng'washi aliagiza udongo na samadi kwa kaka zake Kisesa, vikaja kwa magunia juu ya lori la mpunga. Akaujaza kwenye maboksi meupe yaliyovunjika pembe, yale ambayo viwanda vya minofu ya sangara vilitupa, akayapanga juu ya mwamba ndani ya kibanda. Mvua za vuli zilipokuwa bado hazijatoa hata wingu la kudanganyia watoto, akasia mbegu za nyanya, kabichi na pilipili hoho.

Halafu akangoja, na kungoja kwenyewe ndiko kulikomfanya aonekane ameingiwa na kitu. Asubuhi moja alikuta udongo umevimba kidogo, umepasuka mistari kama mkate wa kumimina unapoanza kuiva. Hakugusa. Aliposogeza uso akaona shingo nyeupe zilizopinda, nyingi, kila moja imeinama inasukuma kwa kisogo chembe ya udongo iliyo kubwa kuliko yenyewe. Alichuchumaa hadi miguu ikafa ganzi. Jua lilipopanda juu ya jabali na nailoni ikawaka nyeupe, shingo zile zikaanza kunyooka, moja hapa, tatu kule, na vijani viwili viwili vikafunguka bila sauti. Nje mlima ulikuwa rangi ya vumbi. Ng'washi, aliyezaliwa shambani na kukulia shambani, aliogopa. Ilikuwa hofu ile inayomfanya mtu avue viatu.

"Baba Faith!" aliita kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtoto amelala. "Njoo uone."

Okeyo alikuja, akaona, akakosa neno. Baadaye alitafuta neno na akalipata, na ndilo lililoleta balaa. Ndugu yake mmoja alikuwa akisafiri na lori kwenda Shirati, kwao, Okeyo akampa salamu: "Mwambie Mama sasa tuna shamba mjini." Ilikuwa ni majivuno tu ya mtu aliyekosa kazi muda mrefu. Hakukumbuka kwamba kwao shamba si neno la kujivunia kienyeji namna hiyo.

Kwao Okeyo, mbegu hazipandwi ovyo. Msimu ukifika, mama wa boma ndiye anayefungua. Huingia shambani kwake kwanza, huweka mbegu yake ardhini, ndipo wake wa wanawe wanapanda, kila mmoja kwa zamu yake. Mke anayeruka zamu huliletea boma chira, ugonjwa ule wa kukonda na kukonda ambao hospitali hupima isione kitu. Okeyo alikuwa amekula mshahara wa kiwanda miaka mingi hata akasahau. Mjini hakuwa na shamba, na asiye na shamba hana cha kufunguliwa.

Lakini Aloo, mama yake, hakuwa amesahau. Kabla wiki haijaisha alishuka kwenye basi la Musoma na fimbo yake, kanga mbili, na fundo la kitambaa kiunoni. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli, basi. Alikuwa ameshikwa mkono na abiria mmoja baada ya mwingine tangu Shirati.

Ng'washi alipiga magoti, kama alivyofundishwa Kisesa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka." Aloo alimpapasa uso, akatabasamu. "Miaka yote nafungulia wake wenzako, wewe peke yako sijakufungulia. Nilikuwa naumia. Nikasema, nife sijamfungulia huyu wa Mwanza? Nikawaambia wa nyumbani, nyinyi nimeshawafungulia mapema, kwenye vumbi, pandeni mvua ikija. Mimi naenda kwa Okeyo." Akaligusa fundo lililokuwa kiunoni. "Mtama. Wa shamba langu mwenyewe."

Ng'washi alifurahi hata akasahau kupokea fimbo. Alimpenda mama huyu. Faith alipozaliwa, binti ambaye sasa yuko shule ya bweni, Aloo ndiye aliyekuja kumkanda mzazi kwa maji ya moto, mama yake Ng'washi akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Hakuona kwamba mumewe, nyuma yake, amebadilika rangi.

Aloo hakulala kwa mwanawe. Kwa mila yao mzazi halali nyumba ya mtoto wake, kwa hiyo Getruda alimpa chumba chake cha uani, na kwa mara ya kwanza hakutia neno. Mzee alipokwisha kupelekwa kupumzika, Okeyo alimvuta mkewe nyuma ya jabali.

"Mama Faith, tumekwisha. Umepanda kabla yake."

"Nani kapanda? Mimi nimesia."

"Si ni kilekile!"

Kwa Okeyo kilikuwa kilekile. Kwao mtama na wimbi hutupwa shambani, na mbegu ikigusa udongo imepandwa. Lakini Ng'washi alikulia kwenye majaruba. Kisesa mpunga husiwa pembeni, kwenye kitalu kidogo, na siku hiyo hakuna anayeihesabu. Kupanda ni ile siku watu wanaposhuka kwenye matope, wameinama mstari mmoja, wanaimba, kila mmoja na mche mkononi. Mpaka siku hiyo mche ni kama mtoto wa tumboni. Yupo, lakini hajapewa jina. Haikumjia hata kwa ndoto kwamba amefanya kosa.

"Hana macho," Okeyo alisema, akitazama chini. "Tumtengenezee boksi moja tupu. Afungue humo, aridhike. Hatajua."

Ng'washi alimtazama mumewe, mtu mwema, amekunjamana kwa woga. "Njia ya mwongo ni fupi, Baba Faith. Na huyu amepanda basi akiwa haoni ili aje anifungulie mimi. Nimdanganye?"

Jioni ile ile akaenda uani kwa Getruda, akapiga magoti, akasema yote. Aloo alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alilishika fundo la kitambaa akalikaza zaidi.

"Sifungui mlango uliokwisha kufunguliwa," alisema. "Jumamosi kuna basi. Nitarudi kwangu. Na vitu hivyo visiingie kwenye ardhi ya mwanangu. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi sikuzaa mtumwa."

Hapo mambo yakawa magumu kweli. Okeyo alitaka miche ing'olewe. Ng'washi akamwambia ang'oe mwenyewe, yeye mkono wake haufiki. Hakuna aliyeng'oa. Nayo miche haikujua kwamba watu wamegombana. Ilizidi kukua kwa furaha ya kutisha, ikatoa majani ya kweli yenye meno, ikagusana mabega, mizizi ikaanza kuchungulia kwenye nyufa za maboksi ikitafuta ardhi. Siku chache tu zilibaki kabla haijaanza kusongana na kuwa manjano. Aloo akiondoka bila kufungua, miche itafia kwenye maboksi, na Ng'washi atabaki kuwa yule mke aliyemfukuza mama kwa mbegu za kabichi. Alipompelekea Aloo uji, uji ulirudi. Ule wa Getruda ulinywewa.

Alfajiri ya Ijumaa Getruda alikuja mbio, kanga inaburuza. "Mama Faith! Bibi hayupo kitandani!"

Walitafuta njiani, wakatafuta kisimani. Okeyo aliteremka mpaka karibu na ziwa, akiita. Ng'washi alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba ndipo alipoona chandarua cha mlango wa kibanda kimefunuliwa.

Aloo alikuwa amesimama katikati ya maboksi. Jua ndiyo kwanza linavuka jabali, na nailoni yote ilikuwa imeshika moto mweupe, ukuta kwa paa. Fimbo ilikuwa chini. Mikono miwili ilikuwa imetandazwa juu ya miche, viganja chini, inakwenda polepole huku na huku bila kukandamiza, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali.

"Nilisikia harufu ya mvua," alisema bila kugeuka. Alikuwa amemtambua Ng'washi kwa hatua zake. "Nikajua imenyesha. Nikatoka, nikagusa chini, vumbi. Harufu inatoka huku. Nikaifuata." Akapumua. "Imenyesha?"

"Haijanyesha, Mama."

"Na vimeota."

"Vimeota."

"Nyasaye," Aloo akasema, akimwita Mungu wake kwa sauti ndogo. "Naona kijani. Tangu mwaka juzi sijaona rangi, naona maziwa tu. Lakini humu mwanga unatoka kila upande, na pale chini naona kijani. Si naona? Niambie kama sioni."

"Unaona, Mama."

Ng'washi alikuja kusimama karibu naye. Wote wawili wakatazama, mwenye macho na asiye nayo. Tone moja lilijikusanya kwenye mshono wa paa, likavimba, likaangukia mkono wa Aloo. Mzee alishtuka, akaunusa mkono, akacheka kama msichana. Kisha kicheko kikafifia.

"Mimi nilikuwa nasubiri mvua, mvua inakuja, nafungua, watu wanapanda. Ndiyo kazi niliyobaki nayo. Sasa vitu vinaota bila mvua, ndani ya nyumba." Akageuza uso wake. "Basi mimi naanzia wapi, mwanangu?"

Swali lile lilimkata Ng'washi maini. Akasema alilokuwa nalo. Alimweleza habari za mpunga wa Kisesa, kitalu na jaruba, watu walioinama wakiimba. Alisema hakukusudia kumruka. "Mama yangu alikufa sijaolewa. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mbali kwa ajili ya shamba langu. Ningejua unakuja, ningekaa na mbegu mkononi mpaka zioze."

Aloo alijinyoosha mgongo. Alipoongea, ilikuwa kwa sauti ya wazee wanapokaa kuamua kesi.

"Kwetu mbegu ikigusa udongo, imepandwa. Hilo sitalibadilisha kwa sababu ya machozi." Aliinama, akaokota fimbo, akagonga boksi. Likatoa sauti nyepesi. "Hili nini?"

"Boksi la samaki, Mama."

Akagonga chini yake. Fimbo ikalia. "Na hapa?"

"Mwamba."

Alichota udongo kidogo kwenye boksi, akausugua kati ya vidole, akaunusa. "Huu si wa hapa. Hapa nilipogusa ni mchanga mchanga. Huu mweusi, unanata. Wa nani?"

"Wa Kisesa. Kwa kaka zangu, kwa marehemu baba."

Aloo alisimama na udongo ule kiganjani. Kona ya mdomo wake ikaanza kucheza.

"Basi umepanda kwa baba yako," alisema. "Kwa baba yako, ndani ya boksi, juu ya jiwe. Mimi huko sina amri. Huko wafungue wa kwenu. Ardhi ya Okeyo iko wapi?"

Ng'washi hakuamini masikio yake. "Nje, Mama. Kile kitaraza."

"Kimeguswa?"

"Kimelimwa tu. Hakijaguswa na mbegu."

"Kwa hiyo kwa mwanangu hapajapandwa." Akaurudisha udongo kwenye boksi, akapangusa viganja. "Mwambie aache kupiga kelele huko ziwani, atatisha samaki. Na uji wangu uko wapi?"

Basi la Jumamosi lilikwenda bila yeye. Alikaa, akawa anaingia kibandani kila asubuhi na kuketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini, uso kwenye mwanga. Alisema humo Mungu anafanya kazi karibu sana, mtu anaweza kumsikia akihema. Getruda, yule yule aliyecheka jalalani, alichungulia mara moja kwa udaku, akatoka kimya, na tangu hapo hakumcheka tena mtu. Miche ilibanana. Manjano kidogo yalianza pembeni. Ng'washi alitazama mbingu hata shingo ikauma.

Mvua ilikuja mchana, kutoka ziwani, ukuta mweusi unaotembea juu ya maji. Upepo uliipiga nailoni ikalia kama ngoma, halafu ikafuata mvua yenyewe, mvua ya mwaka ule ambayo watu wa Mwanza wanaikumbuka mpaka leo. Okeyo na Ng'washi walikimbilia kibandani kushikilia fito, wakamkuta Aloo amesimama, ameinua mikono juu. Mvua ilikuwa inanguruma kila upande, juu, kushoto, kulia, maji yanashuka kwenye nailoni kwa mafungu, na mikono yake ilikuwa mikavu. Aliigeuzageuza. Alijigusa kichwa, kikavu. Miche ilisimama imetulia, hakuna jani lililotikisika.

"Nimeishi," Aloo alisema, na mara hii hakumwambia mtu. "Kumbe nimeishi vya kutosha kuona hili."

Ilipopungua na kuwa manyunyu, alifungua fundo la kitambaa. Wakatoka wote watatu. Kitaraza kilikuwa kimeloa, cheusi, kinatoa mvuke. Okeyo alimshika mama yake kiwiko mpaka kingoni, akarudi nyuma, maana hapo si mahali pa mwanamume. Aloo alipiga magoti kwenye tope, akatoboa kwa kidole, akaweka mtama wake, akafukia. Midomo yake ilikuwa inasema maneno ya kwao. Ng'washi alidhani imekwisha.

"Niletee na kile cha ndani," Aloo akasema.

Ng'washi alileta mche mmoja wa nyanya, umebeba bonge lake la udongo wa Kisesa kwenye mizizi. Akauweka kwenye mkono wa mzee. Aloo aliupima, akaupapasa kutoka jani hadi mzizi, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi alionekana mtu asiyejua la kufanya.

"Hiki sijawahi kukipanda kikiwa hai," alisema. "Nimefungua misimu yote kwa mbegu. Kinaingiaje? Nishike mkono."

Ng'washi alipiga magoti kando yake, akaweka kiganja chake juu ya kiganja kile kikavu chenye mishipa. Wakachimba pamoja. Wakashusha mche pamoja, wakausindilia pamoja, udongo wa Kisesa ukazama kwenye ardhi ya Okeyo na haukuonekana tena. Ng'washi alikuwa analia wazi wazi, na manyunyu hayakumsaidia kuficha.

Aloo alikaa juu ya visigino, mikono ina tope hadi viwikoni, akainua uso wake kwenye mvua ambayo sasa ilimlowesha.

"Sasa panda, mwanangu," alisema. "Panda yote."